Wageni wa Mchujo: Historia ya Wapiga Kura Wasio na Chama Marekani

Katika jimbo dogo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mtu asiye na chama anaruhusiwa kuingia kituoni siku ya mchujo wa urais, yaani kura ya kumteua mgombea wa chama, akachagua karatasi ya Republican au ya Democratic, akapiga kura, na kabla hajatoka akasaini fomu ya kurudishwa kwenye orodha ya wasio na chama. Kwa dakika chache amehesabiwa kuwa mwanachama. Akifika nje, si wa chama chochote. Takriban wapiga kura wanne katika kila kumi walioandikishwa jimboni humo wamo katika orodha hiyo.

Mara kadhaa watu hao wamemtoa jasho mgombea ambaye wakubwa wa chama walishamvika taji. Kila inapotokea, watu huuliza: wamevutwa na nini kwa huyu, wakamwacha yule? Jibu jepesi ni kwamba asiye na chama hupenda mtu wa katikati, asiyeegemea kulia wala kushoto. Historia ya zaidi ya miaka mia moja ya michujo inalikataa jibu hilo.

Mlango wafunguliwa Wisconsin

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, mwananchi wa kawaida wa Marekani hakuwa na sauti katika kumteua mgombea. Uteuzi ulifanywa na wajumbe katika mikutano ya chama, na nyuma ya wajumbe walikaa vigogo waliogawa vyeo, zabuni za serikali na fedha za kampeni. Robert La Follette wa Wisconsin aliujua mchezo huo kwa kuumia. Mwaka 1896 aliutaka uteuzi wa Republican ili agombee ugavana, akaingia mkutanoni akiamini ana wajumbe wa kutosha, akatoka mikono mitupu. Aliendelea kushikilia kwamba baadhi ya wajumbe wake walinunuliwa usiku wa kuamkia kura. Mwaka 1898 akabwagwa tena.

Alipoukalia ugavana mwaka 1901, moja ya kazi kubwa alizojipa ilikuwa kuutoa uteuzi mikononi mwa wajumbe na kuupeleka kwa wapiga kura wenyewe. Bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 1903, wananchi wakaiidhinisha kwa kura Novemba 1904, na mwaka 1906 ikaanza kutumika. Haikumdai mpiga kura aseme ni wa chama gani. Karatasi ya kupigia kura aliichagua faraghani, na hakuna aliyemuuliza.

Fikra ya wanamageuzi wa Wisconsin ilikuwa ile ya mgeni njoo mwenyeji apone: chama kilichougua hongo kingeponywa na watu wasiokula kwa vigogo wake. Wapinzani nao walijibu kwamba mgeni hawezi kuachiwa amchague mkuu wa nyumba, kwa sababu kesho atakuwa ameondoka na wenyeji ndio watakaoishi na mkuu huyo. Ubishi huo haujaisha hadi leo, na umefika mpaka Mahakama ya Juu.

Mwaka 1912 mchujo ulijaribiwa kwa kishindo katika urais. Rais wa zamani Theodore Roosevelt alitaka kumng'oa Rais William Howard Taft ndani ya Republican. Akashinda michujo mingi, hata ule wa Ohio, nyumbani kwa Taft. Lakini majimbo yaliyofanya mchujo yalikuwa machache, na kwingineko wajumbe walikuwa wa rais. Mkutano mkuu wa Chicago ukamteua Taft. Roosevelt akajitoa na kuunda chama chake, kura za Republican zikagawanyika, na Woodrow Wilson wa Democratic akaingia Ikulu.

Jenerali na mpelelezi wa majambazi

New Hampshire ilifanya mchujo wake wa kwanza mwaka 1916, na kuanzia 1920 ikawa ya kwanza katika kalenda ya taifa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali, kwa kuwa wananchi walichagua wajumbe tu. Mambo yalibadilika baada ya sheria ya 1949, iliyosukumwa na Spika wa bunge la jimbo, Richard Upton, ambayo iliweka majina ya wanaotaka urais kwenye karatasi ya kura. Matunda yake yakaonekana Machi 1952.

Upande wa Republican alikuwepo Seneta Robert Taft, mtoto wa yule rais wa 1912, kipenzi cha makada. Dhidi yake lilisimama jina la Jenerali Dwight Eisenhower, ambaye wakati huo alikuwa karibu na Paris akiongoza majeshi ya NATO. Eisenhower hakufika New Hampshire kuomba kura. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi watu hawakujua ni wa chama gani. Mwaka 1948 baadhi ya viongozi wa Democratic walitamani awe mgombea wao, na ilibidi Januari 1952 Seneta Henry Cabot Lodge atangaze kwamba jenerali ni Republican. Kura zilipohesabiwa, Eisenhower alipata nusu, Taft akaambulia asilimia 39 hivi.

Siku hiyohiyo, upande wa Democratic, Seneta Estes Kefauver wa Tennessee alimshinda rais aliye madarakani, Harry Truman, kwa asilimia 55 dhidi ya 44. Kefauver alikuwa ameongoza kamati ya Seneti iliyochunguza magenge ya uhalifu, na vikao vyake viliporushwa na televisheni taifa liliona jinsi majambazi walivyofungamana na wanasiasa wa mijini, wengi wao wakiwa wa chama chake mwenyewe. Jimboni alizunguka akipeana mikono na mtu mmojammoja. Kabla mwezi haujaisha, Truman alitangaza kwamba hatagombea.

Washindi hao wawili hawakufanana kwa sera. Walichoshiriki ni kwamba mpiga kura aliweza kuwaona kama watu ambao chama hakijawameza. Hatima zao ndizo zilizotofautiana. Eisenhower alipata magavana na wajumbe wa kumbeba mkutanoni. Kefauver alishinda michujo mingi ya mwaka huo, lakini wazee wa Democratic, ambao walikuwa hawajamsamehe kwa uchunguzi wake, walimpa uteuzi Adlai Stevenson, gavana wa Illinois.

Kura ya hasira

Machi 12, 1968, Seneta Eugene McCarthy wa Minnesota alipata asilimia 42 huko New Hampshire dhidi ya asilimia 49 za Rais Lyndon Johnson. Baadhi ya wapiga kura wa Republican nao waliandika jina la McCarthy kwenye karatasi za chama chao. Kura hizo zilipojumlishwa, pengo kati yake na rais lilibaki kama kura 230 tu. Machi 31 Johnson alitangaza kuwa hatagombea tena.

McCarthy alipinga vita vya Vietnam, kwa hiyo magazeti yaliandika kwamba New Hampshire imepiga kura ya amani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipowachambua wapiga kura wake wakakuta jambo la kushangaza. Miongoni mwa waliomchagua McCarthy wakiwa wamechukizwa na jinsi Johnson alivyoviendesha vita, waliotaka vita vikazwe walikuwa wengi kuliko waliotaka vikomeshwe. Hawakumchagua kwa sababu ya msimamo wake, na wengine hata hawakuujua vizuri. Walimchagua kwa sababu alikuwa mtu wa Democratic aliyethubutu kusimama mbele ya rais wa Democratic na kumwambia kwamba mambo hayaendi sawa.

Mwezi Agosti, mkutano mkuu wa Chicago ulimteua Makamu wa Rais Hubert Humphrey, ambaye hakuingia hata mchujo mmoja, huku polisi wakiwapiga virungu vijana barabarani. Aibu hiyo ilizaa tume ya mageuzi iliyoongozwa na George McGovern na Donald Fraser. Majimbo mengi yaliona njia rahisi ya kutimiza kanuni mpya ni kufanya mchujo. Mwaka 1968 yaliyofanya hivyo yalikuwa kama 15. Kufikia 1980 yalizidi 30. Tangu hapo anayetaka uteuzi wa urais hana budi kupita kwa wapiga kura, na pale sheria inaporuhusu, kwa wasio na chama pia.

Aliyejaribu kuwategemea wasio na chama hadi mwisho ni John Anderson, mbunge wa Republican kutoka Rockford, Illinois. Mwaka 1980 alisimama mbele ya wamiliki wa bunduki wa New Hampshire akawaambia anaunga mkono wenye bunduki watakiwe kuwa na leseni, wakamzomea. Alipendekeza kodi kubwa ya petroli. Alikwenda Iowa, jimbo la wakulima, akautetea uamuzi wa Rais Jimmy Carter wa kuzuia nafaka isiuzwe Muungano wa Kisovieti. Kadiri alivyowaudhi wenye chama ndivyo walivyomfuata wasio na chama, wasomi wa vyuo na hata watu wa Democratic. Machi 4 alikosa ushindi kwa unywele: Massachusetts alipitwa kidogo na George Bush mkubwa, Vermont na Ronald Reagan. Wiki mbili baadaye Reagan alimshinda hata Illinois, nyumbani kwake. Anderson akahama chama, akagombea akiwa huru, na Novemba akapata asilimia 6.6.

Vyama navyo viligeukia mahakama. Democratic ya taifa ilikataa kuwatambua wajumbe wanaotokana na mchujo ulio wazi kwa kila mtu, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo dhidi ya Wisconsin. Mwanasheria mkuu aliyeitetea Wisconsin katika kesi hiyo alikuwa Bronson La Follette, mjukuu wa yuleyule gavana aliyeufungua mlango. Mwaka 1986, katika kesi ya Connecticut, mahakama hiyo ikasema chama kikitaka kuwakaribisha wasio na chama, jimbo haliwezi kukizuia. Kwa maneno mengine, ufunguo ni wa mwenye nyumba.

Majira ya McCain

Hakuna mwaka ulioonyesha mvuto huu, na ukomo wake, kama 2000. George W. Bush, gavana wa Texas, alikuwa na jina la baba yake, magavana wenzake karibu wote wa Republican, na zaidi ya dola milioni 60 za kampeni. Seneta John McCain wa Arizona alikuwa na basi, waandishi wa habari aliozungumza nao ndani yake kutwa nzima, na historia ya kufungwa kwa zaidi ya miaka mitano Vietnam Kaskazini baada ya ndege yake ya kivita kutunguliwa.

Mtaji wake mwingine ulikuwa ugomvi na chama chake. Pamoja na Russ Feingold wa Democratic, alikuwa akipigania sheria ya kuzuia fedha zisizo na kikomo katika siasa, fedha ambazo viongozi wa Republican walizihitaji. Bush aliahidi punguzo kubwa la kodi. McCain akasema punguzo liwe dogo, salio lilinde mfuko wa pensheni na lilipe deni la taifa. Aliitisha mikutano 114 katika miji ya New Hampshire, akasimama katikati ya ukumbi bila hotuba ndefu na kujibu swali lolote hadi maswali yakaisha. Hata aliyekuja kumpinga aliondoka akiwa amejibiwa.

Februari 1 McCain alimshinda Bush kwa tofauti ya pointi 18. Wasio na chama walimpa kura mara tatu ya walizompa Bush. Usiku huohuo, upande wa pili, Bill Bradley alikuwa akimkabili Makamu wa Rais Al Gore, naye alitegemea watu walewale. Gore alipata kama asilimia 50, Bradley 46. Mtu asiye na chama ana karatasi moja tu, na wengi waliipeleka kwenye shindano lililoonekana lina moto zaidi. McCain alimshinda Bush, na bila kukusudia akamnyima Bradley watu aliowahitaji.

Kisha njia ikaanza kupanda mlima. Februari 19, huko South Carolina, Bush alijipanga na wahafidhina wa chama na viongozi wa makanisa ya kiinjili, akashinda kwa asilimia 53 dhidi ya 42 katika kampeni iliyojaa uzushi kuhusu familia ya McCain. Siku tatu baadaye ilikuja Michigan, ambako yeyote aliruhusiwa kupiga kura. Gavana John Engler alikuwa amemwahidi Bush kwamba jimbo lake litakuwa ngome. Kati ya waliojitokeza, zaidi kidogo ya nusu hawakuwa watu wa Republican, na McCain akashinda. Ila miongoni mwa Republican wenyewe, Bush alimwacha mbali. Makada wakapata hoja waliyoitaka: huyu si chaguo letu, ni chaguo la majirani.

McCain mwenyewe aliikoleza hoja hiyo. Mwishoni mwa Februari alikwenda Virginia na kuwashambulia hadharani wahubiri Pat Robertson na Jerry Falwell, wenye ushawishi mkubwa kwa wapiga kura wa chama chake. Nje ya chama walimpigia makofi. Ndani milango ikafungwa. Machi 7 alipata majimbo manne tu, yote ya eneo la New England, kaskazini-mashariki. California kila mtu aliweza kumpigia kura, lakini kura zilizohesabika katika kugawa wajumbe wa Republican ni za Republican peke yao, na hizo zilikwenda kwa Bush. Machi 9 akasitisha kampeni. Mwezi Juni Mahakama ya Juu ikaufuta kabisa mtindo huo wa mchujo wa California, kwa kura saba dhidi ya mbili, ikisema chama hakiwezi kulazimishwa kumteua mgombea wake kwa kura za wasio wake.

Wao ni nani hasa?

Wasomi wa siasa wamewafuatilia watu hawa kwa muda mrefu. Kitabu kilichotoka mwaka 1992, kilichoandikwa na Bruce Keith na wenzake, kilionyesha kwamba wengi wanaojiita huru huegemea chama fulani na hukipigia kura karibu kama wanachama wake. Katika kura za maoni za Gallup za miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 40 ya Wamarekani hujitaja kuwa huru, lakini wakiulizwa wanaelekea wapi, wanaobaki bila upande ni kama mmoja katika kumi.

Ndiyo maana mtu wa katikati hawavuti kwa kuwa wa katikati tu. Wengi wao wana upande. Wasichotaka ni kuhesabiwa kuwa mali ya chama. Wamechoshwa na kelele zake, fedha zake na viongozi wake. Mgombea anayeonyesha kwamba naye amechoshwa na mambo hayohayo huwagusa kabla hajafungua kitabu cha sera.

Mwaka 2008 uliwapa wawili wa kuchagua. Barack Obama, seneta wa Illinois ambaye baba yake alitoka Kogelo nchini Kenya, alikuja New Hampshire akitoka kushinda Iowa, akihubiri kuuvuka uhasama wa vyama. Upande wa pili alikuwepo tena McCain. Safari hii wengi wa wasio na chama walichukua karatasi ya Democratic, na miongoni mwao Obama aliongoza kwa pointi kumi hivi. Hata hivyo Hillary Clinton ndiye aliyeshinda jimbo, kwa kuwa wanachama wa Democratic walisimama naye. McCain alishinda upande wake, lakini wasio na chama hawakumwendea tena kwa kishindo cha 2000. Alikuwa amepatana na Bush, na mwaka 2006 alizungumza katika chuo kikuu cha Falwell yuleyule aliyemshambulia. Alichokipoteza nje alikipata ndani: alishinda Florida, ambako mchujo ni wa wanachama tu, na uteuzi ukawa wake.

Februari 9, 2016, New Hampshire iliizika kabisa nadharia ya mtu wa katikati. Bernie Sanders, seneta wa Vermont aliyeingia bungeni akiwa huru na anayejiita msoshalisti, alimshinda Clinton kwa asilimia 60 dhidi ya 38, na kati ya wasio na chama alipata zaidi ya saba katika kila kumi. Usiku huohuo wasio na chama waliochukua karatasi ya Republican walimpa Donald Trump kura nyingi kuliko mshindani wake yeyote. Jimbo moja, siku moja, kundi lilelile, na wagombea waliokaa kwenye ncha mbili. Kilichowaunganisha ni kwamba wote wawili waliwaambia wazee wa vyama walivyogombea kupitia kwavyo kwamba mfumo umeoza.

Sanders alitambua bei ya mvuto huo Aprili 19 huko New York. Mchujo wa jimbo hilo ni wa wanachama pekee, na mwaka huo tarehe ya mwisho ya kubadili chama ilikuwa imepita tangu Oktoba 2015. Ukali wa sheria hiyo uliwakuta hata Ivanka na Eric Trump, waliochelewa kujiandikisha Republican wakashindwa kumpigia kura baba yao. Trump hakuathirika, wanachama wa Republican nao walikuwa na hasira na viongozi wao, kwa hiyo alikuwa na wenyeji na wageni kwa pamoja. Sanders alishindwa kwa asilimia 42 dhidi ya 58.

Januari 2024 ilikuwa zamu ya Nikki Haley, balozi wa zamani wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Wakati huu mwenye chama alikuwa Trump mwenyewe, na kumpinga Trump ndiko kulikokuwa kukipinga chama. Wasio na chama wa New Hampshire, kundi ambalo miaka minane nyuma lilimpa Trump kura nyingi kuliko washindani wake, sasa wengi wao walimkimbilia Haley. Alipata asilimia 43, Trump 54. Kati ya walioandikishwa Republican, Trump alichukua takriban robo tatu. Machi 5 Haley alishinda Vermont, jimbo ambalo haliandikishi wapiga kura kwa chama. Ukiondoa jiji la Washington, hakuna kwingine alikoshinda, na kesho yake akasitisha kampeni.

Kutoka kwa Kefauver hadi kwa Haley, sera zimepishana kama mashariki na magharibi, lakini mgombea anayewavuta wasio na chama amekuwa na mambo yaleyale: ana ugomvi wa kweli na wenye chama chake, yumo katika shindano ambalo halijaamuliwa, na mara nyingi hakwepi kusimama mbele ya watu aulizwe. Hapo ndipo penye mtego. Ugomvi uleule unaomletea watu kutoka nje ndio unaomnyima watu wa ndani, na uteuzi hutolewa na wa ndani. Waliofanikiwa ni wachache, miongoni mwao Eisenhower aliyepata vigogo wa kumbeba, McCain aliyepatana nao, na Trump aliyekuta wanachama wameshawachoka. Wengine waliobaki na wageni peke yao walitikisa taifa kwa wiki chache, kisha wakarudi nyumbani.